Kila Mtoto na Riziki Yake

Msomaji, ukitoka mjini Eldoret kwa barabara iendayo Turbo, utaona pande zote mbili mashamba ya mahindi yaliyotengwa kwa nyua, mengine madogo hata mtu aliyesimama mpaka mmoja aweza kusemezana na jirani aliye mpaka wa pili. Zamani haikuwa hivyo. Zama za walowezi, ambao kundi lao kubwa lilifika Uasin Gishu kwa magari ya ng'ombe mwaka 1908, shamba moja lilikuwa la mamia ya ekari. Baada ya Uhuru mengi ya mashamba hayo yalinunuliwa na wananchi, baadhi yao kwa kuchanga fedha katika vyama, kisha yakagawanywa. Hebu fanya hesabu. Mzee aliyepata ekari 40 akazaa watoto 8, nao wakagawana sawa, kila mmoja alipata ekari 5. Ikiwa kila mmoja wa hao naye amezaa watoto 8, mjukuu hapati hata ekari moja. Bandu bandu huisha gogo, walisema wahenga.

Walakini watu wa kale walisema pia kwamba kila mtoto huja na riziki yake. Misemo hii miwili haipatani kwa urahisi, na katikati yake ndipo ulipofanyika mmoja wa mijadala mikubwa ya Kenya huru, yaani mjadala wa kupanga uzazi. Yafaa uujue, kwa sababu wewe ndiwe mjukuu anayetajwa katika hesabu ile.

Usidhani kwamba babu zetu walizaa watoto wengi kwa kukosa akili. Mtoto alikuwa mkono wa kazi shambani, tegemeo la uzee, na jina la ukoo lisilozimika. Tena kifo kilikuwa jirani. Karibu na wakati wa Uhuru, mtoto kama 1 kati ya 5 hakufikia umri wa miaka 5. Kwa hiyo aliyezaa 8 hakutarajia kubaki na 8. Hata hivyo hawakuzaa ovyo. Katika makabila mengi mama alinyonyesha miaka miwili au zaidi, na kupata mimba nyingine upesi kulihesabiwa aibu. Kuachanisha watoto, basi, si jambo lililoletwa na wageni. Kilichokuwa kigeni ni dawa na vyombo vya kuzuia mimba.

Chama cha kupanga uzazi cha Kenya kiliundwa mwaka 1962, kikitokana na juhudi ndogo zilizoanza Nairobi na Mombasa katika miaka ya 1950. Sensa ya mwaka huo huo ilionyesha kwamba nchi ilikuwa na watu milioni 8.6. Wachumi wa serikali mpya waliogopa kwamba shule na hospitali zilizoahidiwa hazingetosha, na mwaka 1967 Kenya ikaanzisha mpango wa taifa wa kupanga uzazi, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo katika Afrika kusini ya Sahara. Vidonge na vitanzi vikaanza kutolewa katika hospitali na zahanati.

Upinzani haukukawia, nao haukuwa wa namna moja. Wengine waliuliza, na haki walikuwa nayo ya kuuliza: Mbona fedha na wataalamu wa kutufundisha kuzaa wachache wanatoka katika nchi zile zile zilizotutawala jana? Wengine walihesabu kura, wakahofia kwamba kabila litakalopunguza watoto litapungukiwa na nguvu katika nchi. Wengine walisimama juu ya dini. Tarehe 25 Julai 1968, Papa Paulo wa Sita alitoa waraka wake, Humanae Vitae, akakataza njia zote za kuzuia mimba isipokuwa kujizuia katika siku ambazo mama aweza kushika mimba. Mafundisho hayo yana uzito mkubwa hapa Eldoret, makao ya dayosisi ya Kikatoliki. Kanisa la Kianglikana, kwa upande wake, lilikuwa limekwisha kulegeza katazo katika mkutano wa Lambeth wa mwaka 1930. Na maulamaa wengi wa Kiislamu waliruhusu kuachanisha uzazi kwa kulinganisha na azli, njia iliyojulikana tangu zama za Mtume. Kumbe hata wacha Mungu hawakuwa na neno moja.

Je, mpango wa mwaka 1967 ulifaulu? La hasha, si kwa miaka ile ya kwanza. Uchunguzi wa mwaka 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mama wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8, na kwamba ni wanawake 7 tu katika kila 100 walioolewa waliotumia njia yoyote ya kupanga uzazi. Idadi ya watu ilikua kwa karibu asilimia 4 kila mwaka, mwendo ambao huifanya nchi iwe maradufu kwa miaka 18 hivi. Mji wa Eldoret, uliokuwa na watu kama 18,000 mwaka 1969, ulipita 50,000 mwaka 1979, ingawa wengi wao walikuwa wahamiaji waliofuata kazi.

Mabadiliko yalikuja baadaye, na sababu zake zatufundisha mengi. Chanjo na dawa zilipoenea, wazazi waliona watoto wao wakiishi. Karo ilipopanda na ardhi ilipopungua, waliona gharama ya kila mtoto. Wasichana waliokaa shuleni waliolewa baadaye. Tena katika miaka ya 1980 habari za uzazi zililetwa nyumbani na watu wanaojulikana, kama wanawake wa Maendeleo ya Wanawake, na wahudumu wa hospitali ya Chogoria waliotoka kijiji hata kijiji. Kufikia mwaka 1993 wastani ulikuwa 5.4, na mwaka 2022 ulikuwa 3.4. Wanawake walioolewa wanaopanga uzazi walifikia 63 katika kila 100.

Linganisha na kwingineko. Mwaka 1976 nchini India, wakati wa utawala wa hali ya hatari, wanaume zaidi ya milioni 6 walifungwa uzazi, wengi wao kwa kushurutishwa. Chuki iliyozaliwa iliuharibia mpango wenyewe jina kwa miaka mingi. China iliweka sheria ya mtoto mmoja kuanzia mwaka 1980, ikaiacha mwaka 2015, na sasa inawasihi vijana wake wazae. Kenya haikuweka sheria kama hiyo.

Hata bila sheria ya nguvu, shaka haikufa. Katika miaka ya 1980 ulienea uvumi kwamba maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa wanafunzi tangu mwaka 1979, yametiwa dawa ya kufunga uzazi. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyopewa wanawake ilikuwa na kitu cha kuzuia mimba. Serikali na Shirika la Afya Duniani zikajibu kwamba chanjo ni salama, na kwamba vipimo vilivyotumiwa havikufaa kupimia chanjo. Usiwacheke waliosadiki. Watu wasioelezwa mambo waziwazi hujieleza wenyewe, na kwa kawaida hujieleza mabaya.

Haya basi, msomaji. Siku moja utakuwa mzazi, au mwuguzi, au kiongozi, nawe utatakiwa kusema neno katika jambo hili. Dini yako itakuongoza, na hakuna haki ya mtu kuidharau. Lakini yakumbuke mafunzo ya miaka hii: amri haikupunguza uzazi wala maonyo hayakuuongeza. Uliobadilisha nyumba za Kenya ni uamuzi wa mume na mke walioambiwa kweli, wakatazama shamba lao, wakawatazama watoto wao. Riziki ya mtoto hutoka kwa Mungu, lakini hupitia mikononi mwa wazazi. Nao wana wajibu wa kujua mikono hiyo yaweza kubeba wangapi.