Vazi la miaka 5,000 na hoja ya "rudisheni vitu vyetu"

Mdahalo wa ukoloni huku Kericho na Bomet huwa unafika mahali palepale: ardhi ya majani chai, Talai waliopelekwa Gwassi kwa sheria ya 1934, halafu mtu anapaza sauti, "Na vitu vyetu vilivyo kwa makumbusho ya Ulaya?" Anajibiwa hapo hapo: viache huko, wazungu wanatunza vizuri.

Hilo jibu tulipime kwa mfano wa Misri.

Mwaka 1913 Flinders Petrie alichimba makaburi ya Tarkhan, kusini mwa Cairo. Enzi hizo mchimbaji aligawana vitu na serikali (na Misri ilikuwa chini ya Waingereza tangu 1882), basi furushi moja la vitambaa vichafu vya kitani likaishia London. Likakaa tu. Hadi 1977, lilipopelekwa kusafishwa Victoria and Albert, ndipo wataalamu wakakuta ndani yake vazi lenye marinda madogo madogo, na mikunjo kwenye viwiko na kwapa inayoonyesha kuna mtu alilivaa. Vipimo vya kaboni vya 2016 vikasema lilitengenezwa kati ya 3482 na 3102 KK. Ndilo vazi la kufumwa la zamani zaidi linalojulikana. Walilitunza, sikatai, ila kwa miaka 64 hawakujua wanacho!

Sisi kitani hatukuwa nacho. Wazee wetu walivaa ngozi zilizolainishwa na kupambwa kwa shanga. Mradi wa International Inventories Programme, ambao Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ilishiriki, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo ng'ambo. Fimbo za Koitalel arap Samoei, aliyeuawa 1905, zilirudi Nandi 2006, lakini aliyezichukua, Meinertzhagen, alijulikana tangu mwanzo. Ngozi ya nyanya wa kawaida nani ataifuatilia?

Na hapa ndipo wanasiasa wanatucheza. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka makumbusho kwenye kazi za kaunti. Si London, si Nairobi peke yake. Kwa hiyo mtu akisimama mkutanoni kudai vitu virudi, msipige makofi kwanza. Muulizeni: orodha umeisoma? Vya Wakipsigis ni vingapi, vilichukuliwa vipi, na bajeti ya kaunti mwaka huu imetenga shilingi ngapi za kuvipokea?