Kutu ku meli za chuma: namna inakula na namna ya kuizuia

Ukifika ku bandari ya Kalundu pale Uvira, ao ya Kalemie, angalia vizuri meli ya chuma iliyofungwa kando. Chini ya rangi utaona madoa mekundu. Watu wengi wanasema ni uzee tu. Hapana, ile ni kutu. Siku inatoboa chuma katikati ya ziwa, usiku, abiria wakiwa ndani, haiko tena shida ya mwenye meli peke yake.

Kutu inatoka wapi?

Chuma kinashika kutu kama kimekutana na vitu viwili: maji na oksijeni ya hewa. Njo maana sehemu inayoumia sana ni ule mstari wa maji, pale mawimbi yanapiga. Pale panalowa na kukauka kila saa.

Chumvi nayo inaharakisha kazi. Litre moja ya maji ya bahari iko na chumvi karibu gramu 35. Ya ziwa Tanganyika haifiki gramu 1. Kwa hiyo meli yetu inazeeka polepole kuliko ile ya baharini, lakini inazeeka. Na kama unabeba magunia ya chumvi ao samaki wa chumvi, ile inayomwagika inashuka chini ya mbao, inachanganyika na maji yaliyotuama, na unakuwa umejitengenezea bahari yako ndani ya meli.

Fundisho la Liemba

Kuko mfano ku ziwa letu wenyewe. Meli Graf von Götzen ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande-vipande mpaka Kigoma na kuunganishwa pale. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani waliizamisha wao wenyewe ili adui asiitumie. Mbele ya kuizamisha, mafundi walipaka mashini grisi nzito. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, wakakuta mashini bado zinaweza kutumika. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi ilizuia maji na oksijeni visiguse chuma. Hakuna siri ingine.

Rangi: kazi kubwa ni mbele ya kupaka

Rangi inafanya kazi ile ile ya grisi. Lakini kupaka rangi juu ya kutu ni kufunika kidonda chenye usaha. Kutu inavimba, inasukuma rangi, inaendelea kula chini yake. Fuata hatua hizi:

1. Pandisha meli ku inchi kavu. Osha mafuta, matope na chumvi kwa maji safi.
2. Kwangua kwa burashi ya chuma ao mashini ya kusaga mpaka chuma king'ae. Vaa maski na miwani, sababu vumbi inaharibu mapafu na macho.
3. Gonga kwa nyundo. Pale sauti inabadilika ao chuma kinabonyea, kata na uchomelee tole mpya. Usibandike tu kiraka juu ya kilichooza.
4. Paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu siku ile ile, chuma kikiwa kikavu. Kisha ongeza tabaka za rangi ya majini, kila moja ikikauka vizuri.

Kila mara fundi anachomelea, moto unaunguza rangi ya upande wa ndani pia. Pale napo parudiliwe.

Kipande kinacholiwa pa nafasi ya meli

Helisi ya shaba ikikaa karibu na chuma ndani ya maji, umeme mdogo unapita kati yao na chuma njo kinachoisha. Dawa yake ni kufunga ku meli kipande cha metali inayoliwa haraka zaidi. Mafundi wanaiita anodi. Mwingereza Humphry Davy alionyesha namna hii mwaka 1824, alipokinga shaba ya meli kwa vipande vya zinki na vya chuma.

Baharini wanatumia zinki. Ku maji baridi kama yetu, magnezi inafaa zaidi, sababu zinki inaweza kushika ganda na kuacha kufanya kazi. Anodi iguse chuma kitupu, na usiipake rangi hata kidogo: ukiipaka, umeiua. Ikibaki nusu, badilisha. Kama inaisha, usilalamike. Ile njo kazi yake.

Wewe abiria

Hauna nyundo wala burashi, lakini uko na macho. Kama maji yanajaa chini ya mbao na pompe haipumziki, kama viraka ni vingi ku mstari wa maji, uliza: meli hii ilipandishwa lini inchi kavu? Mwenye meli anayechunga chombo chake atakujibu bila kukasirika. Asipojibu, safari ya kesho bado iko.