Hadithi za Upelelezi na Wasomaji wa Milimani

Mwaka 1908 jarida la Anthropos, lililokuwa likitolewa Ulaya kwa ajili ya wataalamu wa lugha na mila za watu, lilipiga chapa hekaya za Wamatengo zilizokusanywa na padri Mbenediktini Johannes Häfliger. Mwaka uliofuata ikatoka kamusi yake ya Kimatengo kwa Kijerumani. Hivyo hadithi za milima ya Litembo ziliingia katika karatasi mapema kabisa, lakini zikaingia kwa ajili ya wasomaji wa ng'ambo. Jambo hilo halistahili lawama nyingi. Kila chapa ina mlipaji wake, na mlipaji ndiye achaguaye msomaji. Mtu atakaye kuielewa historia ya hadithi za kusisimua katika Kiswahili, hususa zile za upelelezi, hana budi kwanza amtafute mlipaji huyo, kisha ndipo aulize habari za ufundi wa mtungaji.

Litembo ilipata misheni yake mwaka 1914. Wabenediktini walikwisha kukaa Peramiho tangu 1898 na Kigonsera tangu 1899, na katika miaka iliyofuata Peramiho ikawa na mtambo wake wa chapa, kama ilivyokuwa Ndanda upande wa mashariki. Kwa njia hiyo watu wa Umatengo waliokuwa wakilima kwa ngoro, mashimo yale yazuiayo mvua isiporomoshe udongo, walipata shule na kusoma na kuandika Kiswahili, na chapa haikuwa mbali nao. Hata hivyo chapa ya misheni ilikuwa na kazi yake: sala, nyimbo, katekisimu, vitabu vya shule, na magazeti ya mafundisho. Iliwapa watu uwezo wa kusoma. Kusoma kwa raha, mtu akiwa peke yake usiku na taa ya mafuta, hakukuwa shughuli yake.

Hadithi ya kusisimua iliingia katika Kiswahili cha chapa kwa mlango wa serikali. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya kitabu cha Rider Haggard, na katika mwaka huo huo ikatoka Kisiwa chenye Hazina, kilichotungwa na Stevenson. Mwaka 1930 Johnson akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Vitabu hivyo vilikusudiwa kuwazoeza wanafunzi Kiswahili sanifu, wala havikukusudiwa kuwaburudisha tu. Lakini msomaji hufuata njia yake. Mwanafunzi aliyepewa Haggard ili ajifunze upatanisho wa ngeli alijifunza pia namna ya kuificha siri hata ukurasa wa mwisho. Funzo hilo la pili ndilo lililodumu zaidi. Kejeli yake ni kwamba nchi inayosawiriwa na Haggard ni Afrika ya kubuniwa, nayo ikarudi Afrika kama kitabu cha darasani.

Mlipaji wa pili alikuja mwaka 1948, nayo ni East African Literature Bureau, yenye makao yake Nairobi. Ofisi hii ilipokea miswada, ikaisahihisha, ikaichapa au ikaipeleka kwa wachapaji wengine, na tena ilituma masanduku ya vitabu na vitabu vya kuazima kwa posta. Kwa mtu wa milimani huduma hii ya mwisho ina uzito mkubwa, kwa kuwa ilikiri waziwazi kwamba msomaji aweza kukaa mahali pasipo na duka la vitabu. Ofisi hiyo ndiyo iliyofanya mashindano ya kutunga hadithi ya mwaka 1957–58, ambayo Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliyashinda kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu kilitoka mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake ni jamaa ya Sherlock Holmes, hilo halifichiki, na Najum ni Watson wake. Lakini lugha ni ya Unguja, na mauaji yanatokea mzimuni, mahali ambapo mashuhuda wote wana sababu ya kuamini kwamba muuaji si binadamu. Mtungaji alikiona kile ambacho Holmes hakuhitaji kukiona: katika nchi hii mpelelezi hashindani na mwuaji peke yake, hushindana pia na maelezo yaliyokwisha kukubaliwa na watu.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo, na Inspekta Wingo akaingia Dar es Salaam. Jina la kitabu lilikuwa biashara nzuri kwa lenyewe. Simu ilikuwa chombo cha mji; kwa msomaji wa vijijini ilikuwa jambo la kutamaniwa na kuogopwa pamoja, na mtungaji aliujua vema utamu wa kumwonyesha mtu kifo kikipita katika waya ambao yeye hajapata kuushika.

Kisha mwaka 1974 ikatoka Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, na jasusi Willy Gamba akatumwa Nairobi kufuata siri za silaha za wapigania uhuru. Wahakiki wa mjini wameiona hadithi hii kuwa mwigo wa James Bond, na hawakukosea sana. Lakini kitabu hakisomwi mjini tu. Mkoa wa Ruvuma umepakana na Msumbiji, na vita vya FRELIMO vilivyoanza mwaka 1964 vilikuwa ng'ambo ya mto. Kwa msomaji wa Mbinga au wa pwani ya Ziwa Nyasa, silaha za wapigania uhuru hazikuwa mapambo ya hadithi. Mwigo ukifika mahali pa namna hiyo hugeuka kuwa kitu kingine, na hapo wahakiki wamepima kitabu pasipo kumpima msomaji.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na Literature Bureau ikafa pamoja na Jumuiya. Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikuwapo, lakini shirika la umma lenye karatasi haba lilikuwa na haki ya kuitumia kwanza kwa vitabu vya shule na vya siasa. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na kiwanda cha karatasi cha Mufindi kilikuwa hakijaanza. Kilianza mwaka 1985. Hapo mlipaji wa tatu akajitokeza, naye ni mtungaji mwenyewe. Musiba akawa na Continental Publishers. Ben Mtobwa, mtungaji wa visa vya Joram Kiango, akaanzisha Heko, na mwaka 1990 Dar es Salaam Usiku ikatoka kwa jina la Heko.

Yafaa kukaa kidogo juu ya hesabu ya mtungaji wa namna hii, maana ndiyo iliyounda hadithi zake. Mpiga chapa hauzi kurasa mojamoja. Huuza karatasi kubwa ambayo ikikunjwa hutoa kurasa 16. Kitabu cha kurasa 96 ni karatasi sita. Mtungaji akiongeza kurasa tatu za kueleza kwa nini mwuaji alimchukia ndugu yake, atalipa karatasi ya saba nzima, na kwa kila nakala. Basi huziacha. Ndiyo sababu katika vitabu vingi vya miaka ile sababu za uovu zaelezwa upesi mno mwishoni, katika maungamo ya haraka, ilhali mbio za magari zilizo mwanzoni zina nafasi tele: mwanzo ulitungwa kabla ya bei kujulikana. Fedha hulipwa kwa mpiga chapa kabla nakala moja haijauzwa. Wauzaji wa vibandani huchukua vitabu kwa mkopo na kulipa wapendapo. Mtungaji asiyerudishiwa fedha ya kitabu cha kwanza hawezi kuchapa cha pili, na kwa hiyo humwacha adui mmoja akitoroka, ili msomaji awe na deni naye. Wahakiki wameiita tabia hiyo ulafi wa biashara. Ingefaa waseme pia kwamba ni benki ya mtu asiyekuwa na benki.

Baada ya hayo kitabu kilipaswa kusafiri. Toka Dar es Salaam njia yapita Morogoro, Iringa na Makambako mpaka Songea, zaidi ya kilometa 900. Bado kuna kilometa 100 hivi hata Mbinga, kisha kupanda milima. Fedha ya kahawa huja kwa msimu, lakini kitabu cha hadithi hakingojei msimu. Mwenye kibanda cha Dar es Salaam hakuwa na faida ya kupeleka nakala 5 Litembo. Kitabu kilichofika kililetwa aghalabu mkononi mwa mtu, mwalimu au mwanafunzi au askari aliyerudi likizoni, na nakala moja huweza kusomwa na kijiji kizima hata jalada litoke. Kwa mchapaji hao wote ni msomaji mmoja. Hakupata senti kwao, wala hakujua kwamba wapo. Mtobwa na wenzake walitungia Kariakoo kwa sababu Kariakoo ndiko walikoziona fedha zikirudi, na watu wa milimani wakausoma mji kwa miaka mingi bila mji kuwasoma wao.

Kilichobaki sasa ni swali la kuhifadhi. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 yadai mchapaji aweke nakala, lakini mtu aliyechapa kwa mkopo na kuuza begani hakuwa mwepesi wa kutimiza sharti hilo, na maktaba za vyuo zilivitazama vijitabu hivyo kwa dharau. Katika miaka ile wanafunzi walifundishwa kuviita fasihi ya kibiashara, yaani vitu visivyostahili rafu. Hekaya za Häfliger za mwaka 1908 zaweza kuagizwa leo katika maktaba kubwa ya Ulaya na kuletwa mezani. Mtafiti atafutaye kijitabu cha upelelezi cha mwaka 1983 hana budi kwenda kuuliza nyumba kwa nyumba, na huko Mbinga, penye nakala chache zilizotunzwa kwa sababu zilikuwa ngumu kupatikana, huenda akapata vingi kuliko Dar es Salaam.