Moto Juu, Moto Chini: Keki ya Matunda Kibera na Kawangware

Keki ya matunda ya chengachenga iliingia Kibera na Kawangware kwa miguu. Ililetwa na wapishi wanaume waliotoka nyumbani kabla ya alfajiri kwenda kuwasha majiko ya Wazungu wa Kilimani, Lavington na Karen, na usiku wakarudi kulala kwenye vyumba visivyo na oveni wala stima. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Mimi huoka na kuuza keki hizo Kawangware, na nadhani historia yake inastahili kuandikwa, kwa sababu waliotufikishia ujuzi huu walilipwa kwa kuoka tu. Kwa kutufundisha hawakulipwa hata ndururu.

Keki yenyewe ni ya tabaka tatu. Chini kuna unga wa ngano uliosuguliwa kwa siagi na sukari hadi ukawa chengachenga, kisha ukashindiliwa. Katikati kuna matunda yaliyopikwa hadi yakawa mazito. Juu kuna chengachenga zilizobaki, zimenyunyizwa tu bila kushindiliwa. Ikipoa hukatwa vipande vya mraba. Haihitaji mayai wala hamira, na ndiyo maana ilidumu mitaani kwetu wakati keki nyingine zilibaki kuwa za harusi na za Krismasi.

Ngano ndiyo ya kwanza kuelezwa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na muda si mrefu Lord Delamere akaanza kulima ngano Njoro. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga ya Unga Limited. Kutu ya ngano ilimtesa miaka mingi, lakini hatimaye unga mweupe ukapatikana kwa wingi. Walengwa walikuwa walowezi na hoteli zao. Mfanyakazi Mwafrika alipewa posho ya unga wa mahindi, na mkate ulikuwa kitu cha kupelekwa mezani kwa bwana.

Lakini Kibera ilikuwa na watu walioijua ngano kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 1904 askari Wanubi, wenye asili ya Sudan, waliokuwa katika jeshi la King's African Rifles, walianza kukaa hapo na jamaa zao. Mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi eneo hilo, ekari zaidi ya 4,000, kuwa hifadhi ya jeshi. Akina mama wa Kinubi walipika gurusa, mkate mwembamba laini, na kuuandaa kwenye sinia zilizofunikwa kwa tabaga za kusukwa zenye rangi za kupendeza. Wajukuu wao wako Makina, ndani ya Kibera, hadi leo, na ilikuwa mwaka 2017 tu ndipo jamii hiyo ilipokabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 za ardhi waliyoishi zaidi ya karne. Jiko la bati la makaa nalo linasemekana kuletwa na vibarua Wahindi waliojenga reli. Kwa hiyo, kabla ya babu yangu kufika mjini, unga ulikuwepo, na moto wa makaa ulikuwepo.

Babu alikuja kutoka Magharibi mwa Kenya akiwa kijana, kipande cha kitambulisho shingoni. Aliingia jikoni kama msaidizi wa kuosha masufuria, akapanda hadi akawa mpishi. Miaka ya 1920 akina mama wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, walitoa kitabu cha mapishi kwa ajili ya walowezi, na ndani yake mlikuwa na maelekezo ya Kiswahili ili memsahibu aweze kumwagiza mpishi wake. Aliyekoroga, kusugua na kusimama mbele ya oveni ya kuni alikuwa mpishi. Babu hakujua kusoma. Alipima siagi kwa jicho na joto la oveni kwa kuingiza mkono na kuhesabu kimoyomoyo. Mama anasema kuwa babu alipostaafu, familia aliyoifanyia kazi ilimpa koti na barua ya kumsifu uaminifu. Barua hiyo haikutaja keki hata moja.

Nyumbani hakukuwa na oveni, na hapa ndipo keki ilipogeuka ikawa yetu. Pwani watu walikuwa wakioka mkate wa mayai na mkate wa kumimina kwa kuweka makaa juu ya mfuniko na mengine chini. Nyanya yangu alijifunza njia hiyo kwa jirani yake mmoja wa Makina, mama wa Kiislamu mwenye ndugu Mombasa. Babu akaleta vipimo, jirani akaleta moto, nyanya akaviunganisha. Kwa macho yangu, huo ndio uvumbuzi mkubwa katika historia hii yote, na ulifanyika uani, kati ya wanawake wawili.

Mimi bado naoka hivyo hivyo. Naweka sufuria kubwa jikoni, namwaga mchanga mkavu uliochekechwa hadi ufunike kitako chote, naufunika na kuuacha upate moto. Wakati huo nasugua unga vikombe vitatu, sukari kikombe kimoja kasorobo, chumvi kidogo na siagi ya mkate robo kilo, kwa ncha za vidole tu, maana kiganja kina joto na kitaiyeyusha. Unga ukiwa tayari, ukiufumbata unashikana, ukiugusa unavunjika. Theluthi mbili nazishindilia ndani ya sufuria ndogo iliyopakwa mafuta. Nanasi nimeshalichemsha na sukari na maji ya ndimu mpaka kijiko kikipita kinaacha njia. Nikishalitandaza na kunyunyiza chengachenga zilizobaki, sufuria ndogo inaingia ndani ya kubwa, juu ya mchanga. Kisha makaa: machache chini, mengi juu ya mfuniko. Ukizidisha ya chini, kitako kitaungua na juu kutabaki kweupe. Harufu ya siagi ikishageuka ikawa kama ya njugu zilizokaangwa, epua. Usikate ikiwa moto, itabomoka.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na mafunzo yake. Jeanes School ya Kabete, iliyoanzishwa miaka ya 1920, ilifundisha walimu, na wake zao wakafundishwa kazi za nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati Hali ya Hatari ya kupambana na Mau Mau ikitangazwa, vikundi vya shirika la Maendeleo ya Wanawake vilianzishwa kwa uongozi wa wanawake wa Kizungu, vikafundisha ushonaji, malezi na upishi wa keki. Wengi waliviona kama njia ya kuwatuliza wanawake wakati waume zao wako kizuizini, na sababu ya kuona hivyo ilikuwepo. Hata hivyo wanawake walichukua walichokihitaji. Phoebe Asiyo alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza shirika hilo, vikundi vya kuoka vilikuwa pia vikundi vya kuweka akiba.

Mabadiliko mawili ya miaka ya 1980 yalizifikia nyumba nyingi kuliko hotuba yoyote. La kwanza lilikuwa jiko la udongo na bati, lenye kiuno chembamba, lililobuniwa kwa kuchanganya umbo la ndoo la jiko la Thailand na jiko letu la bati. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Gikomba walilitengeneza kwa maelfu. Linashika joto kwa muda mrefu kwa makaa machache, na keki hutaka moto wa namna hiyo, mdogo usiotikisika. La pili lilikuja na mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Sayansi Kimu iliingia darasani, na watoto wa vibanda vya mabati wakafundishwa kusugua siagi kwenye unga kwa ajili ya mtihani. Mama alinitazama nikifanya zoezi hilo nyumbani, akaniambia babu yangu alilijua kabla ya mwalimu wangu kuzaliwa.

Leo tunda la katikati huamuliwa na mfuko na msimu. Maembe ya Makueni yakijaa sokoni mwishoni mwa mwaka, natumia maembe. Yakiisha, narudi kwa mananasi, au matunda damu na mapera yaliyoanza kulainika ambayo mama mboga huniuzia kwa bei ya kutupa. Wateja wangu wako stendi ya matatu za 46, asubuhi, pamoja na chai. Bei ya unga ilipopanda mwaka 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine, maana ngano yetu nyingi hutoka nje, nilipunguza ukubwa wa kipande na kuacha bei ilivyokuwa. Makaa yalishatuumiza mapema, pale ukataji miti ulipopigwa marufuku mwaka 2018. Huko Laini Saba, Kibera, kulijengwa jiko la jamii lililobuniwa na ofisi ya msanifu majengo Jim Archer, la kuchoma taka na lenye oveni za kuokea. Linanipa moyo, kwa kuwa limeanzia palepale alipoanzia nyanya yangu, kwa swali la moto utoke wapi.

Wasichana wanaokuja kujifunza kwangu hupenda kuuliza keki hii ni ya nchi gani. Nawajibu kwa kuwataja waliofanya kazi: mpishi aliyetembea hadi Lavington na kurudi, mama wa Makina aliyepalia makaa juu ya mfuniko, fundi wa Shauri Moyo aliyekunja bati. Kisha nawaomba waandike kwenye daftari zao jina la aliyewafundisha kupika kila chakula wanachokijua, wakianza na mama zao, kabla hawajaandika kipimo cha unga.