Kinasa Mtetemo: Jina la Pikapu ya Gitaa na Kazi Yake

Kwa watu wengi pikapu ni gari dogo lenye bodi ya wazi nyuma. Kwa wapiga magitaa ya umeme ni kitu kingine kabisa: kile kipande kilichopachikwa chini ya nyuzi, chenye sumaku ndani na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Pasipo hicho, gitaa la umeme ni ubao wenye nyuzi. Mafundi na wanamuziki wetu wamelizoea neno pikapu, na katika mazungumzo ya karakana linatosha. Shida huanza tunapotaka kuandika, kufundisha, au kumshauri kijana mwenye magitaa matatu anayeuliza auze lipi na abaki na lipi. Hapo wengi hukimbilia "kinasa sauti". Jina hilo nalipinga, kwa kuwa linaeleza vibaya kazi ya kifaa, na anayeielewa vibaya kazi ya kifaa huishia kuuza gitaa zuri na kubaki na bovu.

Kinasa sauti lina mwenyewe tayari. Ni mashine ya kurekodia, na wapo wanaoita hivyo hata maikrofoni. Vyote viwili hupokea sauti iliyokwisha kuwa hewani. Pikapu ya sumaku haina habari na hewa. Sumaku yake huutia usumaku uzi wa chuma ulio juu yake. Uzi ukitetemeka, uga wa sumaku unaopita ndani ya koili hubadilikabadilika, na mabadiliko hayo huzalisha umeme mdogo katika waya. Umeme huo ndio unaokwenda kwenye ampu. Kanuni hii Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Ilipita miaka 100 kabla George Beauchamp hajaitumia kule California kutengeneza gitaa la majaribio ambalo kampuni aliyoianzisha na Adolph Rickenbacker pamoja na wenzao ilianza kuliuza mwaka 1932. Kwa umbo lake la duara na mkono mrefu watu waliliita kikaango. Sumaku zake mbili zilipindwa kama kwato, nyuzi zikapita katikati. Hataza yake ilitoka mwaka 1937.

Anayetaka ushahidi avue nyuzi za chuma na afunge za nailoni, zile za gitaa la Kihispania. Akizipiga atazisikia kwa sikio lake, lakini ampu haitatoa noti hata moja. Sauti ipo hewani, na kifaa tunachokiita kinasa sauti hakiinasi. Kinachonaswa ni mwendo wa uzi wa chuma.

Kwa hiyo napendekeza kinasa mtetemo, wingi vinasa mtetemo. Limeundwa kwa njia ile ile iliyotupa kipima joto, kizima moto na kipaza sauti, kwa hiyo msomaji halioni geni. Lina faida nyingine. Magitaa mengi ya mbao yenye tundu la sauti hufungwa kifaa cha piezo chini ya kidaraja, ambacho hakina sumaku wala koili: fuwele zake zikikandamizwa na mtikisiko hutoa umeme. Nacho ni kinasa mtetemo. Tutasema kinasa mtetemo cha sumaku na kinasa mtetemo cha piezo, na familia nzima itakaa chini ya jina moja. Baada ya kulitaja jina zima mara ya kwanza, kinasa peke yake kinatosha. Kifaransa hukiita kifaa hiki mikro, neno lile lile la maikrofoni, kwa hiyo mkanganyiko wetu Wafaransa wanao pia. Sisi hatulazimiki kuurithi.

Jina la pili linalohitaji kazi ni lile la kinasa chenye koili mbili. Kinasa cha koili moja, kama vile vitatu vilivyofungwa kwenye Stratocaster ya Fender tangu mwaka 1954, kina sauti angavu ambayo kila noti inasimama peke yake. Lakini koili hiyo hupokea pia uga unaotoka kwenye nyaya za umeme, transfoma na taa. Umeme wa Tanzania na Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde, na 50 iko karibu sana na Sol ya freti ya tatu kwenye uzi mnene wa besi. Ndiyo maana mvumo ule unasikika kama besi iliyoachwa wazi nyuma ya jukwaa. Kule Marekani, ambako umeme hubadilika mara 60, mvumo uko juu kidogo.

Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson, aliomba hataza ya dawa ya mvumo huo mwaka 1955. Aliweka koili mbili kando kwa kando, moja ikiwa na ncha ya kaskazini ya sumaku juu na nyingine ya kusini, kisha akaziunganisha kwa mielekeo inayopingana. Mvumo unaotoka nje huingia koili zote kwa namna moja, na kwa kuwa zinapingana, mvumo unajifuta. Mtetemo wa uzi unapita juu ya sumaku zinazopingana na koili zinazopingana, kwa hiyo unatoka ukiwa umejumlishwa. Vinasa hivyo vilianza kufungwa kwenye magitaa ya Les Paul mwaka 1957, vikiwa na kibandiko kinachosema hataza imeombwa, kwani hataza yenyewe ilitolewa mwaka 1959. Leo vyenye kibandiko kile vinauzwa kwa bei ya kutisha. Kuviita vinasa vya koili mbili kunaeleza umbo, lakini kuna vingine ambavyo koili zake zimepandishwa moja juu ya nyingine ndani ya kifuniko chembamba, na kwa macho vinaonekana vya koili moja. Kazi yake ndiyo inayoviunganisha. Naviita vizima mvumo, na sioni jina lililo wazi zaidi.

Sasa turudi kwa kijana na magitaa yake. Akishajua kwamba kinasa kinapokea mwendo wa uzi tu, swali lake linabadilika. Uzi unatetemeka vipi kwenye gitaa hili? Hilo hulijui kwa kuchomeka waya. Chukua kila gitaa bila ampu, kaa mahali penye utulivu, piga noti moja moja kuanzia juu ya shingo hadi freti za mwisho na uache ilie mpaka iishe. Gitaa lenye shingo iliyonyooka, freti zisizolika na daraja lililokaa sawasawa litaziachia noti polepole. Lenye noti zinazokufa ghafla mahali fulani litabaki hivyo hata ukilifungia kinasa cha bei mbaya, kwa kuwa mtetemo usiokuwepo haunasiki. Hilo ndilo la kuuza, hata kama vinasa vyake vina jina kubwa. Shingo iliyopinda kiasi cha kushinda ule ufito wa chuma uliomo ndani yake ni kazi ya gharama. Kinasa kibaya ni skrubu chache na lehemu kidogo.

Mfano ninaoupenda ni wa mpiga gitaa Eddie Van Halen. Katika miaka ya 1970 alichukua mwili wa gitaa la umbo la Stratocaster, akaupachika kizima mvumo alichokitoa kwenye Gibson ES-335, na akaacha kitufe kimoja tu cha kuongeza sauti. Alibaki na mwili na shingo alizozipenda mkononi, kisha akaleta kinasa kilichofaa. Albamu ya kwanza ya bendi yake ilitoka mwaka 1978, na gitaa lile la kuungaunga likawa moja ya magitaa yanayotambulika zaidi duniani.

Kabla ya kununua chochote, pima. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua kitufe cha sauti mpaka mwisho, na ugusishe ncha za maltimita kwenye ncha na shina la jeki ya upande wa pili. Kinasa cha Stratocaster husoma karibu kilo-omu 6, kizima mvumo cha mtindo wa zamani kati ya 7 na 9. Ukikuta 250 au 500 hivi, hiyo si nguvu ya kinasa. Unasoma kitufe cha sauti peke yake, maana waya wa koili umekatika. Waya huo una unene wa milimita 0.063 hivi, mwembamba kuliko nywele za watu wengi, na mara nyingi hukatika pale unapoungana na waya mnene wa kutokea. Fundi mwenye kioo cha kukuzia na mkono mtulivu huweza kuuokoa.

Kisha jaribu bisibisi, ambayo haina gharama. Bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho na utazame nafasi kati ya uzi na kinasa. Kwa kinasa cha koili moja, milimita 2 hadi 2.5 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kikisogezwa karibu mno, sumaku huvuta nyuzi, noti zikapinda na gitaa likakataa kukaa kwenye tyuni. Nimeona wapigaji wakilaumu daraja na kubadilisha nyuzi wakati kilichohitajika ni kuzungusha skrubu mbili.

Kama bado unataka kubadilisha, anza na muziki unaoupiga. Biashara ya vinasa vya kubadilishia ilikua kwa ajili ya roki. Kimojawapo cha vile vya mwanzo, Super Distortion cha kampuni ya DiMarzio cha mwaka 1972, kilitengenezwa ili kuisukuma ampu mpaka ikwaruze. Mizunguko ikiongezwa kwenye koili, nguvu inapanda lakini wembamba wa juu unapungua. Kwa dansi na rumba hiyo ni hasara. Magitaa ya solo, sekondi na ridhimu yanapiga kwa wakati mmoja, kila moja na njia yake, na msikilizaji lazima azitofautishe. Sikiliza ridhimu ya Omar Shabani katika Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978: kila noti inasikika mwanzo wake na mwisho wake. Anayetaka kupiga namna ile achague kinasa cha nguvu ya wastani, chenye sumaku ya alniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Wala asilinganishe kilo-omu za vinasa vya aina tofauti kana kwamba ni kipimo cha ubora. Waya mwembamba zaidi huongeza ukinzani hata mizunguko isipoongezeka.

Angalia pia vipimo. Nafasi kati ya nguzo za sumaku za kizima mvumo cha kawaida ni milimita 49 hivi kutoka ya kwanza hadi ya sita, ilhali kwenye daraja lenye nyuzi zilizotanuka huhitajika 52 au 53. Kitufe cha sauti nacho kiendane na kinasa: kilo-omu 250 kwa koili moja, 500 kwa kizima mvumo. Ukifunga kizima mvumo kwenye kitufe cha 250, kitasikika kizito kuliko kilivyo. Na usinunue kinasa kisichopikwa kwenye nta. Nta huzuia waya wa koili usicheze ndani. Usipozuiwa, jukwaani kwenye sauti kubwa kinasa kitapiga mlio mkali usiokoma. Jaribio lake ni kuongea karibu nacho ampu ikiwa wazi. Ukijisikia kwenye spika, nta ni haba.

Vinasa vya zamani ulivyovitoa usivitupe wala usivigawe. Vifunge kwenye karatasi, andika vimetoka gitaa gani na vilikaa shingoni au darajani, maana gitaa lililokosa vinasa vyake vya asili huuzwa kwa bei ya chini. Na walimu wa muziki, wahariri na watunga kamusi, nawaomba mliandike kinasa mtetemo kwenye vitabu na madaftari yenu. Kinasa sauti tuwaachie wenye redio.