Kiraka, Tiketi na Kifuniko cha Chupa

Ujerumani ilipotoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia ikiwa imeshindwa, msanii Kurt Schwitters alianza kuokota vitu katika mitaa ya Hanover: tiketi za tramu zilizotobolewa, magazeti yaliyochanika, karatasi za peremende, kamba, vipande vya waya. Alivigandisha kwa gundi na kuvipigilia misumari, na kufikia 1919 kazi hizo alikuwa akiziita Merz, kipande cha neno alichokikata kwenye tangazo la benki. Alikuwa mshairi pia, na mashairi yake aliyaunda kwa mtindo huohuo, maneno ya barabarani yakikaa ubavuni mwa maneno ya mapenzi. Ukizisogelea picha zake, nyingine ndogo kama kiganja, unaanza kusoma: namba ya tiketi, nusu ya jina la duka, bei. Rangi anayoipitisha hapa na pale inaviunganisha vipande bila kuvifuta.

Mwaka 1937 Wanazi walizitundika kazi zake Munich, kwenye maonyesho ya kudhihaki sanaa waliyoiita potovu. Yeye alikuwa amekwisha kukimbilia Norway. Mwaka 1940 akakimbia tena hadi Uingereza, akawekwa kizuizini katika Kisiwa cha Man kwa kuwa ni Mjerumani. Nyumba yake ya Hanover, ambamo alijenga kwa miaka mingi mchongo uliomeza vyumba, iliteketezwa kwa mabomu mwaka 1943. Hakuacha kuokota na kubandika hadi alipofariki mwaka 1948.

Sasa twende kaskazini mwa Japani, Aomori, ambako baridi haikuruhusu pamba kuota. Wakulima walivaa nguo za nyuzi ngumu za mimea, na pamba iliwafikia ikiwa matambara yaliyochakaa, yaliyoletwa kwa majahazi kutoka kusini. Wanawake waliyapanga tabaka juu ya tabaka, wakayashona kwa mishono midogo ya uzi mweupe iliyofuatana kama mistari ya mvua. Palipochakaa pakawekwa kiraka, na kiraka kilipochakaa kikawekewa kingine. Nguo hizi huitwa boro. Nyingine zilirithiwa kwa vizazi, na palikuwa na shuka la viraka vya nguo za wazee wa ukoo alilojifungulia mama, mtoto apokelewe na waliomtangulia.

Siku hizi boro hutundikwa kwenye kuta nyeupe za makumbusho, na miraba yake ya rangi ya nili husifiwa kwa kufanana na michoro ya kisasa ya Ulaya. Mfanano huo unapotosha. Tiketi ya Schwitters ni ya mtu asiyemjua, na uzuri wa kazi yake unatokana na ugeni huo. Kiraka cha boro kina mwenyewe: ni shati la marehemu baba, ni mkono wa nguo ya mama mkwe. Schwitters alichagua, mwanamke wa Aomori alikuwa akizuia watoto wasife kwa baridi. Kumsifu kwa jicho lake la rangi huku tukiuacha umaskini wake nje ya mlango ni kumdhulumu.

El Anatsui, msanii mzaliwa wa Ghana aliyefundisha kwa miaka mingi Nsukka, Nigeria, namwona amesimama kati ya hao wawili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe kali. Yeye na wasaidizi wake huvibana, huvikunja, huvitoboa na kuvifunga kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu, mpaka vinakuwa pazia linaloning'inia ukutani. Ukiwa mbali unaona kitambaa cha kente. Ukisogea unasoma majina ya pombe, na pombe ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo Wazungu walibadilishana na watu waliouzwa utumwani katika pwani ya Afrika Magharibi. Kifuniko ni cha mnywaji asiyejulikana, kama ilivyo tiketi. Mkono unaokifunga ni wa wengi, na kumbukumbu ni ya watu wote wa upande ule. Mwaka 2015 maonyesho ya sanaa ya Venice Biennale yalimtunuku tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Kwangu mimi, hakuna aliyeifikisha sanaa ya vilivyotupwa mbali kuliko yeye.

Boro zilikaribia kutoweka kwa sababu wenyewe walizionea aibu. Ilibidi mtafiti Chuzaburo Tanaka azunguke vijijini kuzikusanya. Kwetu kanga nayo, kama boro, hutumika hadi ichakae: ya kutokea, kisha ya kubebea mtoto, kisha nepi, kisha dekio. Kama nyumbani kwenu kuna kanga kuukuu sandukuni, muulize bibi ilinunuliwa lini na nani alibebwa ndani yake. Andika majibu, kisha uyahifadhi pamoja na nguo.