Koroboi Mezani

Jumamosi nilipanga koroboi kumi kwenye soko la sanaa hapa Nairobi. Mteja akauliza ni nani alibuni "pambo" hili. Nikacheka tu. Shosho alipika kwa mwanga wake, mamangu akasomea hapo hapo.

Mafundi wa Kamukunji waligeuza mikebe na mapipa kuwa taa, majiko na masanduku ya shule zamani, kabla hatujaanza kuita kazi hiyo sanaa. Walifanya kazi bila paa, ndo wakaitwa jua kali. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea, akawaahidi vibanda.

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, fundi mmoja huko alinikopesha mzigo wa kwanza. Koroboi yake ni shilingi 100. Mteja alinilipa 800 bila kubishana. Fundi bado sijamwambia.